Simu Chini ya Mto

Nalala na simu chini ya mto,
mto wa kulalia, si Rioni,
ingawa na huo wa maji haulali:
unapita Kutaisi nyuma ya ghorofa yetu
ukitoka milimani, kwa baba.
Maji ninayoyasikia sasa
yalimpita yeye jana, kabla ya chakula cha mchana.
Ningeweza kuyauliza.
Nampigia jirani yake badala yake.

"Mzevinari, amekunywa supu?"
"Nusu bakuli. Kisha akaenda kupasua kuni."
"Kupasua kuni!"
"Vijiti, Lamara. Vijiti vya kuwashia."

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakumjua Ushangi mwana wa Besarioni,
ambaye daktari alipomwekea mikono kifuani
alimuuliza yule binti kama amekula,
akamtolea jibini mfukoni.

Nafanya kazi duka la dawa.
Kutwa nzima vidonge vya moyo vinapita mikononi mwangu
kwenda kwa baba za watu.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni, usichanganye na divai.
Nasema kwa sauti tulivu, sauti ya kazini,
na wateja wananishukuru.
Jumapili, katika koti lake la kanisani,
nilikuta vidonge kumi na tisa
vimelala na maganda ya alizeti.
"Naviweka akiba," alisema. "Krismasi vitapanda bei."
Nilicheka.
Kisha nikaenda zizini kusimama na ng'ombe
mpaka uso ukakauka.

Wasiwasi ndio akili, watu husema.
Basi mimi ni profesa.
Saa nane za usiku hakuna nisilolijua:
ngazi ya tatu, ile iliyolegea, na umande ulioganda juu yake;
jiko la kuni; mlango uliokomewa kwa ndani;
moyo unaoruka pigo moja
kisha unalipa deni kwa mawili.
Nimeshamzika mara arobaini.
Hata suti nimechagua.
Kukipambazuka anapokea simu, anafoka:
"Nani amekufa, mbona unapiga alfajiri?"
na mimi nashindwa kumwambia ni nani.

Zauri, kaka yangu, anatuma pesa na maswali kutoka Hamburg.
Namjibu: salama.
Baba naye aliniambia: salama.
Neno moja linashuka toka mlimani hadi baharini
na kila mmoja wetu analitia chumvi kidogo.

Sijui kama nimejifunza kitu.
Ile ngazi ya tatu tumeipigilia misumari,
mimi na mtoto wa Mzevinari, baba akitukosoa kutoka dirishani.
Usiku mwingine naiweka simu jikoni, juu ya friji,
nalala nusu saa, naifuata.
Na siku hizi nikipiga siulizi tena kuhusu dawa.
Nauliza habari za mtungi.

Upo chini ya banda, umezikwa ardhini hadi shingoni,
zabibu za mwaka huu zimo ndani, zinachemka bila moto.
Jana aliniambia ngoja.
Nikasikia viatu vyake, polepole, mlango,
kimya cha mtu anayepiga magoti kwa awamu,
goti moja, kisha mjadala, kisha la pili.
Akaishusha simu mdomoni mwa mtungi.

"Unasikia?"

Nilisikia. Povu likinong'ona,
kitu kikongwe kikijigeuza kuwa kitu kingine
bila kumuomba mtu ruhusa.
Na nyuma yake, karibu zaidi, pumzi za baba,
fupi, zenye mluzi mwembamba mwishoni.

Nilizihesabu, kama nilivyozoea kazini.
Nilifika ishirini na mbili.
Kisha nikaacha kuhesabu,
nikasikiliza tu.